KOPO JEKUNDU LA SENTI 10

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuomba tuzungumze habari ya tumbaku ya kiko, na hasa ile tumbaku ya mchanganyiko inayouzwa kwa bei ya chini, ambayo huko Marekani imevutwa na wakulima, mabaharia, madereva wa malori na wastaafu kwa zaidi ya miaka 100. Najua wapo watakaoshangaa. Watasema, zama hizi nani tena anavuta kiko? Kijana wa leo akikiona kiko hudhani ni kifaa cha kuigizia filamu. Nawaomba subira. Ndani ya kopo moja la tumbaku rahisi mna habari za watumwa, za viwanda, za redio yenyewe hii tunayoisikiliza, na za mkulima wa Urambo na Namtumbo ambaye hadi leo hajui jani lake huishia katika kinywa cha nani.

Mtu asije akasema kwamba naipigia tumbaku debe. Tumbaku inaua. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kiko hakimo nje ya hesabu hiyo. Lakini hata kitu kinachoua kina historia yake, na asiyejua jinsi kilivyofanywa kiwe rahisi hawezi kuelewa kwa nini ni vigumu kukiondoa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Kiko kidogo, bei kubwa

Tumbaku ni mmea wa Amerika. Columbus na watu wake walipofika huko mwaka 1492 waliwakuta wenyeji wakivuta majani yaliyokaushwa. Mabaharia wa Kireno na Kihispania wakaichukua mbegu na kuisambaza duniani. Mwaka 1560 balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, Jean Nicot, aliipeleka nchini mwake kama dawa, na kutokana na jina lake tukapata neno nikotini. Afrika nayo iliipokea katika karne hiyo ya 16 na zilizofuata. Wasafiri wa karne ya 19 waliokwenda bara kutoka pwani yetu walikuta watu wana mashamba yao ya tumbaku, wana ugoro, wana mitemba, na wana kile kiko cha maji chenye digali ya kupitishia moshi. Hakuna aliyewaambia kwamba ni kitu cha kigeni. Kilikwisha kuwa chao.

Huko Uingereza tumbaku ilianza kwa bei ya kutisha. Mfalme James wa Kwanza aliichukia hata akaandika kijitabu cha kuilaani mwaka 1604, na mwaka huo huo akapandisha ushuru wake kutoka penzi 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na penzi 10. Hilo ni ongezeko la mara 40. Viko vya udongo vya wakati huo vilikuwa na tundu dogo sana, kiasi cha kuingia ncha ya kidole cha mtoto. Leo wachimbuaji wa mambo ya kale wakiokota kiko mtoni London huweza kukisia umri wake kwa kutazama tundu tu: likiwa dogo, ni cha zamani, likiwa kubwa, ni cha baadaye. Kadiri tumbaku ilivyoshuka bei, ndivyo matundu yalivyopanuka.

Sasa hebu tujiulize, bei ilishukaje? Mwaka 1612 mkoloni mmoja aliyeitwa John Rolfe alipanda mbegu za tumbaku kutoka nchi za Karibi katika koloni la Virginia, na baada ya muda mfupi koloni lililokuwa linakaribia kufa kwa njaa likapata bidhaa ya kuuza. Mwaka 1619 meli ikashusha huko Waafrika wa kwanza, watu 20 na ushei, waliotekwa Angola. Kwa miongo kadhaa vibarua wengi wa mashamba hayo walikuwa Waingereza maskini waliofungwa kwa mikataba, lakini kuelekea mwisho wa karne ya 17 kazi ilikuwa imewaangukia watumwa wa Kiafrika. Wao hawakulipwa. Kwa hiyo Mwingereza wa kawaida alipoanza kujaza kiko chenye tundu kubwa, sehemu ya bei ya tumbaku yake ilikuwa imekwisha kulipwa na mtu mwingine, ng'ambo ya bahari, kwa mgongo wake.

Stephen na makaa ya moto

Tumbaku ya mchanganyiko haiwezi kueleweka bila kuyajua majani yanayochanganywa, na hapa kuna visa viwili ambavyo mtangazaji hawezi kuviacha.

Kisa cha kwanza ni cha mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, jimbo la North Carolina. Kijana mtumwa, mhunzi kwa kazi, jina lake Stephen, aliachwa usiku alinde moto katika bani la kukaushia tumbaku la bwana wake, Abisha Slade. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka, moto ulikuwa karibu kuzimika, na kuni zilizokuwapo zilikuwa mbichi. Akakimbilia kwenye tanuri lake la uhunzi, akachota makaa na kuyatupa motoni. Joto likapanda ghafla, tena bila moshi mwingi. Asubuhi majani yalikutwa yamegeuka rangi ya dhahabu, yana utamu ambao haukuwa umezoeleka. Bwana Slade akaiendeleza njia hiyo na kupata bei kubwa sokoni. Baadaye makaa yakaachwa, joto likapitishwa katika mabomba ya bati, na hiyo ndiyo tumbaku tunayoiita leo tumbaku ya mvuke, yaani Virginia. Kila bani lililojengwa Tabora, Urambo, Chunya au Iringa ni mtoto wa usiku ule wa Stephen. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kulisikia jina lake?

Kisa cha pili ni cha mwaka 1864, wakati Wamarekani wakiuana katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Katika shamba moja la jimbo la Ohio, mbegu zilizotoka Kentucky zilitoa miche iliyopauka kana kwamba ni migonjwa. Miche ya kwanza ikatupwa. Msimu uliofuata wakapanda tena, wakaiacha ikue, wakapata jani jepesi, la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lililokauka kwa hewa tu bila kuhitaji moto. Hiyo ndiyo Burley nyeupe. Karibu haina sukari, na ndani yake ni kama sifongo: ukiinyunyizia maji ya sukari, asali, kakao au pombe ya miwa, hunywa yote na isidondoshe tone. Jani hilo lilipofika mikononi mwa wenye viwanda, tumbaku rahisi ikapata msingi wake.

Kumbuka kwamba Waingereza matajiri nao walikuwa na michanganyiko yao. Walichanganya Virginia na Latakia, jani lililokaushwa kwa moshi wa miti yenye manukato huko Syria na baadaye Cyprus, pamoja na majani ya Uturuki, na pengine chembe ya Perique, tumbaku nyeusi inayoumuliwa ndani ya mapipa katika wilaya moja tu ya Louisiana. Mchanganyaji wao alifanya kazi kama mpishi wa pilau anayepima karafuu na iliki. Lakini vitu hivyo vilikuwa adimu na ghali. Mtu wa kawaida hakuvipata.

Bwana Reynolds na kopo lake

Anaingia sasa Richard Joshua Reynolds. Alizaliwa Virginia mwaka 1850 katika familia ya wakulima wa tumbaku waliomiliki watumwa. Mwaka 1874 akahamia mji mdogo wa Winston, North Carolina, na mwaka uliofuata akaanzisha kiwanda cha tumbaku ya kutafuna. Mwaka 1907 akatoa tumbaku ya kiko iliyotengenezwa hasa kwa Burley, akaipa jina la mkubwa wa Uingereza, Prince Albert, yaani yule ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Mfalme Edward wa Saba. Katika kopo aliandika kwamba njia ya kuitengeneza ilisajiliwa tarehe 30 Julai 1907, na kwamba tumbaku hiyo haiumi ulimi.

Neno hilo la kuuma ulimi halikuwa porojo tupu. Tumbaku yenye sukari nyingi ikivutwa haraka huwaka kwa joto kali na kuunguza ulimi, na mgeni wa kiko ndiyo kasoro ya kwanza anayokutana nayo. Burley haina tabia hiyo sana. Reynolds alichukua jani la bei ya chini, akalinywesha utamu, akalikata vipande vidogo vyenye mikunjo ili vishike moto vizuri na visishikamane, akaliweka katika kopo jekundu linaloingia mfukoni, akaliuza senti 10. Kwa aliyekuwa na senti 5 kulikuwa na mfuko mwekundu wa kitambaa.

Mtu wa senti 10 hakununua kiko cha mti wa thamani kutoka Ufaransa. Alivuta kiko cha gunzi la mahindi. Huko Missouri, tangu mwaka 1869, mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, alikuwa akichonga viko vya magunzi, na kampuni iliyotokana na karakana yake inavitengeneza hadi leo. Gunzi na tumbaku ya mchanganyiko vilikwenda pamoja kama ugali na mboga. Enzi za ukata mkubwa wa miaka ya 1930 wengi hata kiko waliacha. Walisokota tumbaku ya kopo kwa karatasi, maana sigara za paketi ziliwashinda bei.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Reynolds alitaka kizuri nacho kijitembeze. Alilipia matangazo katika magazeti ya nchi nzima, akaiita tumbaku yake furaha ya taifa. Kisha mwaka 1913 akachukua ujuzi ule ule wa kuchanganya na kunywesha, akauhamishia kwenye sigara: Burley iliyotiwa utamu, Virginia ya dhahabu, na jani kidogo la Uturuki kwa harufu. Akaiita Camel, akauza sigara 20 kwa senti 10. Ndani ya miaka michache sigara hiyo ilishika Marekani yote. Kwa hiyo, msikilizaji, sigara ya mchanganyiko inayovutwa leo katika pembe nyingi za dunia ni mtoto wa kiko cha mtu maskini.

Mzee aionja

Nimesema mengi ya vitabuni, lakini kazi ya mwandishi ni pia kwenda kutazama. Mimi mwenyewe si mvutaji. Jamaa yangu baharia aliwahi kurudi kutoka Marekani na mfuko wa tumbaku rahisi ya mchanganyiko wa namna hii pamoja na kiko kimoja cha gunzi. Nikavipeleka kwa mzee mmoja jirani yangu, mtu wa Songea, aliyelima tumbaku ya moshi ujanani na ambaye kiko hakijamtoka mkononi tangu hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea habari za redioni au kitu cha kushika?"

Nikampa. Akakitazama kile kiko, akacheka hadi akakohoa. "Gunzi! Sisi hili tunawashia moto, wenzetu wanavutia tumbaku." Akafungua mfuko, akanusa. Harufu iliyotoka ilijaza baraza lote: kakao, vanila, na kitu kama sukari guru. "Hii ni tumbaku au keki ya arusi?"

Akaibinya kwa vidole. Ilikuwa laini na yenye unyevu ingawa mfuko ulikuwa umesafiri miezi. Nikamweleza kwamba viwandani hutia dawa inayozuia jani lisikauke. Akatikisa kichwa. "Basi mnunuzi ananunua na maji." Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu ni kweli: unyevu nao una uzito, na uzito ndio unaouzwa.

Akajaza kidogo kidogo, chini akilegeza, juu akikandamiza, akawasha kiberiti mara mbili. Akavuta taratibu, kimya, kama dakika kumi. Mimi nilikaa na daftari. Mwanzoni, alisema, ni utamu mtupu. Utamu ukaondoka haraka, ikabaki ladha nyepesi kama karanga zilizokaangwa, na hiyo aliipenda. Ulimi haukumuwasha. Karibu na mwisho ikawa majimaji na chungu, akakung'uta jivu.

"Haina ugomvi," akaniambia. "Mtu anaweza kuvuta hii kutwa akifanya kazi zake. Lakini haina kwao. Ukivuta ile ya Songea unajua umevuta moshi wa mti fulani, katika bani la mtu fulani. Hii imetoka wapi?"

Tukaugeuza mfuko pande zote. Kulikuwa na jina la bidhaa, uzito na onyo la afya. Jina la mkulima, kijiji au wilaya halikuwapo.

Rahisi kwa nani?

Katika lugha yetu neno rahisi lina maana mbili: kitu kisicho na gharama kubwa, na kitu kisicho na ugumu. Kwa mvutaji tumbaku ya mchanganyiko ilikuwa rahisi kwa maana zote mbili. Kwa waliokuwa nyuma yake haikuwa hivyo hata kidogo.

Tuanze na kiwanda. Winston-Salem ulikua kuwa mji wa Reynolds, na kazi chafu za kuchambua na kutoa vikonyo vya majani zilifanywa na Wamarekani weusi, wengi wao wanawake, katika vyumba vyenye joto na vumbi. Mwezi Juni 1943 wanawake hao walikaa chini mbele ya mashine zao wakakataa kuendelea, na siku hiyo hiyo mfanyakazi mwenzao mwanamume alianguka na kufa kazini. Mgomo ukaenea kwa maelfu. Wakaunda tawi la chama cha wafanyakazi, la 22, wakapata mkataba na nyongeza ya mishahara, tena wakaanza kujiandikisha kupiga kura katika mji ambao mtu mweusi hakuhesabiwa. Mwaka 1947 mwimbaji mashuhuri Paul Robeson alikwenda kuwaimbia. Lakini katika upepo wa vita baridi walipakwa rangi ya ukomunisti, na mwaka 1950 tawi lao likashindwa kwa kura chache, likafa. Senti 10 zile hazikutokana na uhodari wa mashine peke yake.

Sasa tuje kwetu watu wa redio. Kuanzia mwaka 1939, kila Jumamosi usiku, shirika la utangazaji la NBC lilirusha nusu saa ya onyesho la muziki wa mashambani kutoka Nashville, Grand Ole Opry. Aliyelipia nusu saa hiyo alikuwa Prince Albert. Roy Acuff, kijana wa milima ya Tennessee, akawa nyota wa taifa kupitia dirisha hilo. Mamilioni ya watu wa vijijini walisikia nyimbo zao kwa mara ya kwanza zikitoka katika chombo cha nchi nzima, na ni haki wafurahi. Ila jina la tumbaku lilikuja limefungwa pamoja na nyimbo hizo, na vijana wakakua bila kutofautisha wimbo wa nyumbani na kopo jekundu. Sauti ya mtangazaji huaminiwa kama sauti ya ndugu. Ndiyo maana anayetaka kuuza huitafuta, na ndiyo maana sisi tulio mbele ya maikrofoni tunapaswa kuuliza nani analipia nusu saa yetu.

Ushuru nao una visa vyake. Mfalme James angecheka kama angekuwapo Marekani mwaka 2009. Hadi Machi mwaka huo tumbaku ya kiko na tumbaku ya kusokota zilitozwa ushuru sawa na serikali kuu, dola 1 na ushei kwa ratili. Tarehe 1 Aprili 2009, ili kupata fedha za bima ya afya ya watoto, ushuru ukapandishwa: ya kusokota ikawa dola 24.78, ya kiko dola 2.83. Sheria haikueleza kwa vipimo ni ipi ya kiko na ni ipi ya kusokota. Kilichotokea hata mtoto angekikisia. Mifuko mikubwa ya tumbaku ya kusokota ikabandikwa jina jipya, tumbaku ya kiko. Wakaguzi wa hesabu wa serikali walionyesha kwamba mauzo ya tumbaku iliyoitwa ya kiko yalipanda kutoka ratili zipatazo 240,000 kwa mwezi mwanzoni mwa 2009 hadi zaidi ya milioni 3 kwa mwezi mwaka 2011. Wavuta kiko hawakuongezeka. Lililobadilika ni maandishi juu ya mfuko.

Jani letu katika kopo la wengine

Tumefika nyumbani. Songea wakulima walikuwa na chama chao cha ushirika cha tumbaku, NGOMAT, tangu mwaka 1936. Urambo ilifyekwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951; karanga zilipogoma, tumbaku ikachukua nafasi yake. Malawi ikawa nchi ya Burley, ingawa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkulima mdogo wa huko alikatazwa kwa sheria kuilima, kwa kuwa ilitengwa kwa wenye mashamba makubwa.

Majani haya yote huenda kuchanganywa. Na hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anisikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Mnunuzi wa kahawa ya Kilimanjaro au karafuu ya Pemba hutaja jina la mahali, na jina lina bei yake. Mchanganyaji wa tumbaku rahisi anatafuta jambo jingine kabisa: ladha isiyobadilika mwaka hadi mwaka hata jani likitoka nchi nyingine. Bei ya Kentucky ikipanda, atapunguza ya Kentucky na kuongeza ya Malawi. Malawi wakilalamika, yupo wa Msumbiji, yupo wa Brazili. Sukari na kakao vitaziba pengo, na mvutaji hatajua. Ufundi uleule ulioipa tumbaku ya maskini ladha nzuri ndio ulioondoa nguvu ya mkulima ya kusema jani langu ni la lazima.

Mwaka 2009, huo huo wa ushuru wa Marekani, Rais Bingu wa Mutharika wa Malawi aliwafukuza nchini wakuu kadhaa wa makampuni ya ununuzi akiwashutumu kununua chini ya bei aliyoipanga serikali. Hasira yake ilieleweka. Lakini jani la Malawi liliendelea kuingia katika michanganyiko isiyo na jina lake.

Mzunguko wenyewe ulifika hata Dar es Salaam. Kiwanda chetu cha sigara cha Chang'ombe, kilichoanzishwa 1961 na kutaifishwa hatua kwa hatua baada ya Azimio la Arusha, kilibinafsishwa mwaka 1995. Aliyenunua asilimia 51 ya hisa alikuwa nani? Kampuni ya R. J. Reynolds, ile ile ya kopo jekundu, ingawa kopo lenyewe ilikuwa imekwisha kuliuza kwa kampuni nyingine mwaka 1987. Mwaka 1999 biashara ya Reynolds ya nje ya Marekani ikanunuliwa na Japan Tobacco, na hisa zetu zikaenda nayo.

Wakati huo mkulima wa Tabora anachukua mbolea na dawa kwa mkopo, anakata miti ya miombo kukaushia jani, anapanga marobota, kisha anasimama pembeni kumsikiliza mteuzi akitaja daraja. Watoto wake wakichuma majani yenye umande, nikotini huwaingia kwa ngozi, wakapata kizunguzungu na kutapika. Daraja likishuka, deni halishuki. Yeye ndiye wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kulipa.

Nilisema nitarudia habari ya afya. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964, iliyotangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, ilisema pia kwamba kiko husababisha saratani ya mdomo wa nje. Watu wengine walikimbilia kiko wakidhani wamepona. Hawakupona. Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003 na iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Mkataba huo unazitaka nchi ziwasaidie wakulima wapate mazao mengine yanayolipa. Kifungu hicho ndicho ambacho watunga sera husoma haraka haraka, na ndicho anachokihitaji mtu wa Urambo kuliko vyote.

Kwa maoni yangu, ndugu msikilizaji, haitoshi kumwambia mvutaji aache, wala haitoshi kumwambia mkulima aongeze ekari. Mvutaji wa tumbaku rahisi alipewa kitulizo cha bei ndogo kwa siku ndefu ya kazi, na mkulima alipewa zao la fedha pasipokuwa na jingine. Wote wawili walihesabiwa kwa ratili na mtu wa katikati aliyejua kuchanganya. Vyama vyetu vya msingi na wabunge wa mikoa ya tumbaku wadai hesabu hiyo ifunguliwe: jani linaondoka kwa kiasi gani, linaingia katika nini, na faida inabaki wapi. Na fedha zinazotokana na ushuru wa sigara, sehemu yake iende ikajenge soko la alizeti, la asali na la korosho huko huko linakotoka jani, ili mtu akiamua kuacha tumbaku shambani awe na mahali pa kwenda.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaaliwa, tusikilizane tena juma lijalo.